Kilo na Katoni: Niliyopitia Nikiliingiza Duka la Baba Kwenye Mfumo

Juni 2022 baba aliondoka kwenda hija. Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya korona kwa mahujaji wa nje ya Saudia kuruhusiwa tena, na sharti mojawapo lilikuwa mtu awe hajafika miaka 65. Baba alikuwa na 63. Akasema akingoja mwaka mwingine hajui yatakayokuja, akaaga jamaa na majirani, akaomba radhi kwa kila aliyefanya naye biashara, akasafiri. Duka la Kongowea, hapa Mombasa, aliniachia mimi. Tawi la Mtwapa alimwachia ndugu yangu mdogo. Stoo ya Bombolulu ilibaki mikononi mwa karani wetu, mzee tunayemwita Ami ingawa hatuna naye damu, kwa kuwa amekuwa nasi tangu mimi niko shule.

Tunauza vifaa vya ujenzi: simiti, vyuma, mabati, misumari, rangi, mabomba, bawaba na kufuli. Naandika haya kwa wenzangu waliokabidhiwa biashara za wazazi, ambao kila wanayemuuliza huwaambia, "Weka mfumo." Mimi niliuweka. Mara ya kwanza niliuweka vibaya, nikapoteza pesa, na nikamvunjia mtu heshima yake. Pesa zilirudi upesi zaidi.

Siku ambazo baba hakuwepo ndizo zilizonionyesha duka letu lilivyokuwa likiendeshwa. Wiki ya kwanza alikuja kontrakta wa Nyali kuchukua mabati ya geji 30, akaniambia bei yake na baba si ile iliyo ubaoni. Huenda alisema kweli, sikuwa na pa kuangalia. Wiki ya pili niliagiza vyuma vya Y12, vile vya unene wa milimita 12, nisijue kuwa ndugu yangu ameagiza vilevile siku mbili nyuma. Malori mawili yakashusha mzigo mmoja, na pesa za kununulia simiti zikalala stoo zikishika kutu ya hewa ya bahari. Malipo ya M-Pesa nayo yalikuwa yakiingia kwenye laini ya baba mwenyewe, na simu hiyo aliiacha Mtwapa. Kila fundi aliyelipa kwangu kwa simu, ilinibidi nimpigie ndugu yangu nimuulize, "Imeingia?" Mara nyingine alikuwa na wateja wake, simu haishikwi, na fundi amesimama mbele yangu juani na mkokoteni wa kukodi.

Daftari la madeni lilikuwepo. Lakini liliandikwa lisomwe na macho ya mtu mmoja. "Fundi mrefu wa Mshomoroni, 4,200." "Mama wa Bakarani, rangi." Rangi gani, makopo mangapi, tangu lini?

Baba aliporudi nilimweleza yote, sikumficha hata lile la vyuma. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Basi tengeneza utakavyoona. Sipendi duka liwe ni mimi."

Kama ningeanza hapo hapo, kwa utulivu, huenda ningeepuka mengi. Sikuanza. Niliahirisha mpaka mwisho wa Novemba ulipokaribia, siku ambayo KRA, mamlaka ya kodi, iliweka kuwa sisi tuliosajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tuwe na mashine mpya za risiti, zile zinazotuma ankara kwao moja kwa moja. Kila mwenye duka alikuwa akikimbizana na mafundi wa mashine. Katika haraka hiyo alinijia muuzaji mmoja wa programu, kijana mwenye maneno mazuri na laptopu safi. Akabonyeza mara mbili, risiti ikatoka, droo ya pesa ikafunguka yenyewe. Nikaona nimepona. Nikatoa shilingi 185,000 kwa kompyuta mbili, printa za risiti, droo, skana na hiyo programu.

Alinionyesha kaunta tu, nami sikumuuliza lolote lililo nyuma ya kaunta. Kwa hiyo kaunta ikawa na programu yake. Mhasibu wetu, anayekuja mara mbili kwa mwezi, alikuwa na programu nyingine kwenye kompyuta yake. Ami alibaki na daftari lake la stoo. Mtwapa walijaza jedwali la Excel. Mishahara nayo ilikuwa kwenye kitabu cha mistari. Duka moja, visima vitano, kila kimoja na maji ya rangi yake. Kila mwisho wa mwezi nilikesha siku tatu nikinakili nambari kutoka huku kwenda kule, na nilipomaliza, hakuna mbili zilizolingana. Nilidhani shida ni uzembe wetu. Kumbe ndivyo itakavyokuwa popote ambapo jambo moja linaandikwa mara tano na watu watano.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, na lilifanyika kwa siku nne. Niliwaajiri vijana wawili wa chuo waingize bidhaa zetu zote kwenye kompyuta, mistari kama 1,400, nikiwalipa 1,000 kila mmoja kwa siku. Walikuwa wepesi na waaminifu. Lakini hawakuwahi kuuza hata bawaba moja. Bomba la nusu inchi liliingia kwa majina matatu. Rangi ya lita 4 na ya lita 20 ziliingia kama kitu kimoja chenye bei mbili. Na misumari iliingizwa kwa kilo, maana ndivyo bei ilivyoandikwa ubaoni.

Misumari sisi hununua kwa katoni za kilo 25. Huiuza kwa namna mbili: kilo kwa fundi mdogo, katoni nzima kwa kontrakta. Mzigo ulipofika, katoni 60 ziliingizwa kama kilo 1,500, sawa kabisa. Lakini kontrakta alipochukua katoni, msichana wa kaunta aliandika 1, kisha akabadilisha bei kwa mkono iwe 3,600, kwa sababu programu ilimruhusu. Pesa zikaingia sawasawa. Kompyuta ikaandika imetoka kilo moja. Kilo 24 zikabaki ndani ya kompyuta ambazo stoo hazipo.

Machi 2023, siku chache kabla ya Ramadhani, tulihesabu stoo. Kompyuta ilisema kuna kilo 960 za misumari ya inchi nne ambazo sisi hatukuziona. Kwa bei yetu ya rejareja ya wakati ule, 150 kwa kilo, ni shilingi 144,000. Nilihesabu tena. Nikamwita Ami ofisini, nikafunga mlango, nikamuuliza amezipeleka wapi.

Sitaandika maneno yote niliyosema. Nilimwambia karatasi haina chuki na mtu, nikimwonyesha ile iliyotoka kwenye printa. Hakubishana. Alitoa funguo za stoo mfukoni, akaziweka juu ya meza moja moja, ya mlango mkubwa, ya dirisha, ya kabati la rangi, akasema, "Hesabu zako ziangalie, mwanangu," akatoka. Baba hakusema nami siku mbili.

Nilikuja kuujua ukweli karibu na mwisho wa mfungo. Marejesho ya VAT hupelekwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na mwezi ule mhasibu aliniomba nimpe mauzo mstari kwa mstari kwa sababu jumla zetu hazikukaa vizuri. Usiku baada ya taraweh nilikaa nikipitisha kidole. Misumari inchi 4, idadi 1, shilingi 150. Misumari inchi 4, idadi 1, shilingi 150. Misumari inchi 4, idadi 1, shilingi 3,600. Hakuna kilo ya misumari ya 3,600 Mombasa hii. Nilizihesabu zile za 3,600 tangu Novemba: arubaini. Arubaini mara 24 ni 960.

Nililia. Na hata sasa, kinachoniuma kwenye jambo lile ni kuwa ushahidi ulikuwepo miezi yote. Idadi ilikuwa ikisomwa na stoo, pesa ikisomwa na mhasibu. Laiti mtu mmoja, au programu moja, ingeziangalia zote mbili kwa pamoja kwenye mstari mmoja, isingepita siku ya kwanza.

Kesho yake nilivuka feri ya Likoni nikaenda Mtongwe. Nilimkuta Ami nje ya nyumba akitengeneza kiti. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na baba ananisubiri kwenye gari naye apate kuingia. Alitukaribisha ndani. Nilipomaliza kumweleza habari ya kilo na katoni, alisema kwa sauti ya chini, "Uliniuliza nimezipeleka wapi. Hukuniuliza misumari twauza vipi."

Alirudi baada ya Idi, kwa masharti mawili. La kwanza, nimtakase mbele ya wafanyakazi wote kama walivyosikia wote. Nilifanya hivyo, nimesimama, siku ya Jumatatu, kabla ya kufungua milango. La pili, kisiingizwe kitu kwenye kompyuta kabla yeye hajasema kinanunuliwa vipi, kinawekwa vipi na kinatoka vipi. Sharti hilo la pili ndilo lililotupa mfumo tulio nao leo.

Tulianza upya bila kompyuta. Niligeuza kalenda ya mwaka uliopita upande mweupe, tukachukua mfuko mmoja wa simiti tukaufuata. Nani huona kuwa simiti inapungua? Humwambia nani? Nani hupiga simu kuagiza, na bei anaijua kutoka wapi? Lori likifika, karatasi ya dereva husainiwa na nani, na huenda wapi baadaye? Nani hulinganisha kilichoagizwa, kilichofika na tunachodaiwa? Mfuko ukitoka kwa mkopo, nani hukumbuka? Tulikuwa watu saba mezani: mimi, baba, Ami, ndugu yangu, msichana wa kaunta, dereva na mhasibu. Ilituchukua jioni tatu. Mwisho wake tuligundua kuwa ankara moja ya muuzaji wetu ilikuwa ikinakiliwa mara tano, na kuwa ile hatua ya kulinganisha haikuwa na mtu kabisa. Baba alidhani hufanywa na Ami, Ami alidhani hufanywa na mhasibu.

Ningekushauri ufanye hivi kabla hujamwona muuzaji yeyote wa programu. Gharama yake ni chai na mahamri.

Binamu yangu ni wakala wa forodha, na siku mojawapo ya zile alipita dukani akatukuta tumeizunguka kalenda. Akacheka kwa furaha, akasema hii ndiyo kazi ya bandari. Kilindini wana mfumo wao wa KWATOS tangu 2008, wa kujua kila kontena liko wapi uwanjani, na vibali vya taasisi mbalimbali hupitia dirisha moja la mtandaoni linaloendeshwa na shirika la serikali, KenTrade. Alinieleza kuwa zamani yeye alikuwa akizunguka na faili ofisi hadi ofisi, na kila ofisi inaandika upya mambo yaleyale. "Kontena ni lilelile," alisema, "kila mtu aangalia upande wake." Maneno hayo yalinifungua kuliko mafunzo yote niliyowahi kulipia. Mfuko wa simiti ni uleule. Stoo huuangalia kama nafasi iliyojaa, kaunta kama bei, mhasibu kama gharama na kodi, muuzaji wetu kama deni, na baba kama jibu la swali la kuagiza au kutoagiza. Ukiandikwa mara moja, mahali pamoja, kila mmoja atauona kwa upande wake.

Basi hicho ndicho nilichokwenda kukitafuta: programu moja yenye ununuzi, stoo, mauzo, hesabu na mishahara juu ya kumbukumbu moja. Tukaacha kutafuta kaunta nzuri. Kila muuzaji aliyekuja nilimpa mtihani mmoja. Nilimwekea katoni ya misumari mezani nikamwambia: ninunue kwa katoni, niuze kilo tatu, kisha niuze katoni nzima, halafu nionyeshe kilichobaki, pesa iliyoingia na faida. Wawili walianza kueleza mambo ya rangi za skrini. Wa tatu aliuliza, "Katoni ni kilo ngapi?" Tulimchukua huyo. Tunalipa 6,500 kwa mwezi kwa maduka yote mawili, na mafunzo yalikuwa 30,000 mara moja.

Kabla ya kusaini nilimuuliza jambo jingine ambalo mara ya kwanza sikulijua: siku nikiondoka kwako, nitatoka na data zangu kwa namna gani? Akanionyesha pale pale jinsi ya kuzitoa zote kwenye faili ninaloweza kulifungua mwenyewe. Asiyeweza kukuonyesha hilo, usimpe duka lako.

Kisha tukafunga milango siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, tukahesabu kila kitu. Mauzo ya siku mbili ni hasara, na baba aliguna. Lakini kuanza na hesabu ya uongo ni kama kujenga juu ya mchanga wa pwani usioshindiliwa. Ami alisimama na daftari lake akitaja, vijana wakiandika: kitu hiki jina lake moja ni hili, hununuliwa kwa hiki, huuzwa kwa hivi. Waya wa kufungia vyuma: rola, kilo. Bomba: urefu mzima, au kwa futi. Rangi ya lita 4 ni kitu chake, ya lita 20 ni kitu chake. Mistari 1,400 ikashuka ikawa 1,130. Na kwa mwezi mzima wa Julai tuliendesha daftari na mfumo sambamba, tukilinganisha kila jioni. Inachosha sana. Wafanyakazi walinung'unika, mimi mwenyewe nilichoka. Usiruke hatua hiyo.

Kwa kila mtu nilifungua jina lake na neno la siri lake. Awali kaunta nzima ilitumia neno moja, na bei ilipobadilishwa hukujua ni nani. Sasa msichana wa kaunta hawezi kubadilisha bei bila mimi au ndugu yangu kukubali kwenye simu zetu. Yeye ndiye aliyefurahi zaidi, kwa sababu wateja wa "niko na baba yako" hawamsumbui tena. Kila kontrakta ana bei yake ndani ya mfumo, ile aliyokubaliana na baba, imeandikwa.

Tulihama pia kutoka laini ya baba kwenda kwenye till, nambari ya M-Pesa ya biashara. Malipo huonekana kwenye skrini ya duka lililouza. Simu za "Imeingia?" zikaisha.

Upande wa kuagiza ndio ulionishangaza. Mfumo unataka uuwekee kiwango cha kuagiza kwa kila bidhaa. Mhasibu alinifundisha hesabu yake: unachouza kwa siku, mara siku ambazo mzigo huchukua kufika, ongeza akiba ya dharura. Simiti tunauza kama mifuko 30 kwa siku, mzigo huchukua siku nne, na akiba tuliyoikubali ni mifuko 60. Hivyo 120 na 60 ni 180. Ikibaki 180, mfumo hutuambia. Nilipomwonyesha baba, alinishika mkono akanipeleka stoo, akanionyesha mstari wa chaki ukutani, umefifia. Simiti ikishuka chini ya mstari ule ndipo alipokuwa akipiga simu. Tukapanga mifuko tukahesabu: mstari ulikuwa kwenye 175. Kwa miaka yote ile alikuwa na mfumo, na mimi nilikuwa nimepita mbele yake kila siku bila kuuona.

Kwenye hesabu, risiti ya 1,160 inapotoka, mfumo huigawa wenyewe: 1,000 mauzo, 160 VAT ya asilimia 16 ambayo si yetu hata siku moja. Wakati huohuo stoo inapungua na gharama ya bidhaa inaandikwa. Zamani tulikuwa tukiitumia ile 160 kama pesa yetu, kisha tarehe 18 tunakopa. Na madeni sasa yanaonekana kwa umri: ya siku 30, ya 60, ya 90. Kontrakta mmoja tuliyemwona mteja mkubwa tuligundua yuko kwenye 90 kila mara. Tunamuuzia bado, ila kwa pesa taslimu.

Tarehe 25 Agosti 2023, Ijumaa usiku, stima ilipotea nchi nzima. Nilikuwa nimepanga nakala ya akiba ijitengeneze saa nne usiku kwenye kompyuta ya Kongowea, kwani wakati ule tulikuwa tumechagua kuweka kumbukumbu dukani badala ya kwenye mtandao. Niliogopa intaneti kukatika. Jumatatu kompyuta ikakataa kufungua kumbukumbu. Nakala ya mwisho iliyokuwa nzima ilikuwa ya Jumanne, kwenye flashi iliyokuwa kwenye droo ileile. Tulijenga upya siku nne za mauzo kutoka kwenye nakala za risiti na taarifa ya M-Pesa, mimi na ndugu yangu, mpaka saa saba za usiku. Baada ya hapo nilinunua UPS, kifaa cha kushikilia kompyuta stima ikipotea, ya 14,000, tukahamia kwenye mtandao, na kila duka lina laini ya pili ya simu ya kutoa intaneti ile ya kwanza ikikatika. Nakala moja huenda nyumbani kila Ijumaa. Kompyuta pia tuliitoa karibu na simiti, vumbi lake lilikuwa limeiziba feni.

Januari 2024 ilipoingia, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ikawa haikubaliki kupunguza kodi ya mapato. Sisi tulikuwa tumeshaunganishwa, ila wauzaji wetu wadogo, wa mchanga na kokoto, hawakuwa. Niliwaita nikakaa nao, nikawaonyesha kuwa KRA ina njia za bila malipo, hata kwa simu. Wengine walidhani ni lazima wanunue mashine. Kama unanunua kwa watu kama hao, wasaidie mapema, la sivyo gharama zao zitakuangukia wewe.

Mishahara sikuitilia maanani mwanzoni, nikiona wafanyakazi ni tisa tu. Oktoba 2024 SHIF, bima mpya ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF, ikawa asilimia 2.75 ya mshahara wote badala ya viwango vya ngazi, juu ya ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwetu. Kwenye kitabu cha mistari ningekosea. Kwenye mfumo kiwango kilibadilishwa mahali pamoja, na kila mtu akapewa karatasi inayoonyesha kilichokatwa na kwa nini. Yalikuwa manung'uniko, ndiyo, lakini hayakuwa juu ya duka.

Kosa moja la karibuni nalitaja kwa sababu ni rahisi kulifanya. Nilipoona orodha ya wadaiwa inatoka vizuri, niliichapisha nikaibandika nyuma ya kaunta, nikidhani nawasaidia vijana wangu. Mama mmoja akasoma jina lake mbele ya watu. Aliniita pembeni akaniambia, "Ungenipigia simu, mwanangu." Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data za watu, na hata isingekuwepo, yule mama alikuwa na haki. Orodha niliitoa siku ileile, nikaenda kwake kumtaka radhi.

Kazi ambayo haijaisha ni lile daftari la zamani la madeni. Hakuna kijana wa chuo wala programu inayoweza kuliingiza, ila baba. Kila Jumapili baada ya alasiri twakaa barazani, yeye na daftari, mimi na kompyuta, na Ami akivuka feri huja naye. Baba husoma, "Fundi mrefu wa Mshomoroni," kisha wawili hao hushauriana: ni yule aliyejenga nyumba ya ghorofa karibu na msikiti, au ndugu yake? Alilipa nusu au hakulipa? Jina likipatikana, naandika. Baba akisema deni hilo amelisamehe kabla ya kwenda hija, naandika hilo pia, na tarehe. Jumapili iliyopita tulifika ukurasa wa 41.